Ofisi ya watu 9: simu za mezani zenye spika, au tununue na simu ya mkutano?

mizigo_dsm

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kabla hatujatoa hela.

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha na usafirishaji, iko Dar. Tuko watu tisa. Tunataka kuachana na utaratibu wa kila mmoja kupigia wateja kwa simu yake ya mkononi. Hali ilivyo:

Madawati 8 na mapokezi 1. Watatu kati yetu wanashinda bandarini, dawatini wanaonekana jioni tu.
Chumba cha mkutano ni mita 6 kwa 4, ukuta mmoja kioo kitupu, sakafu marumaru, dari jipsamu, kiyoyozi cha ukutani. Meza ya watu 8.
Faiba ya Mbps 20, rauta ya MikroTik, swichi ya kawaida isiyo na PoE (kupitisha umeme kwenye kebo ya mtandao).
Tunaongea sana na Lusaka, Lubumbashi, Mombasa na Dubai. Mkutano wa Jumatatu unafanyika kwa Teams.

Bosi anasema simu zote za mezani siku hizi zina spika, kwa hiyo moja iwekwe katikati ya meza ya mkutano, basi. Muuzaji naye anasisitiza simu maalumu ya mkutano, ambayo bei yake inatosha simu za mezani kadhaa. Tofauti halisi iko wapi? Na kuna kifaa kimoja kinachobeba simu za kawaida, Teams na WhatsApp kwa pamoja?

---

sauti_safi

Mkuu, bosi wako yuko sahihi kwamba zote zina spika. Shida iko upande wa kusikiliza.

Simu ya mezani, iwe Yealink T31P au Grandstream GRP2602P, imepangwa kumsikia mtu mmoja aliyeketi mbele yake, nusu mita mpaka mita moja hivi. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inayotoka mdomoni kwenda kwenye maiki moja kwa moja inashuka desibeli 6. Kutoka sentimita 50 kwenda mita 1 umepoteza 6, kwenda mita 2 umepoteza 12. Aliyekaa mwisho wa meza yenu yuko kwenye mita 2 hiyo. Sasa, sauti inayogonga kioo na marumaru na kurudi haishuki hivyo, inazagaa chumba kizima karibu sawasawa. Kwa hiyo kadiri mtu anavyokaa mbali, ndivyo maiki inavyopata mvumo mwingi na maneno machache. Mteja anawaambia mnasikika kama mko kisimani, nanyi mnazidi kupaza sauti. Kupandisha nguvu ya maiki hakusaidii kitu, maana unapandisha maneno na mvumo kwa pamoja.

Kuna suala la mwangwi pia, na hapa watu wengi wanalaumu mtandao bure. Mteja wa Lusaka akisikia sauti yake mwenyewe inamrudia, huo mwangwi mara nyingi umetengenezwa kwenu. Sauti yake imetoka kwenye spika yenu, imezunguka chumba, imeingia kwenye maiki yenu, imemrudia. Kifaa kinauondoa kwa kulinganisha kile kilichopelekwa kwenye spika na kile kinachoingia kwenye maiki, kisha kutoa kinachofanana. Chumba chenye mvumo mrefu kinataka hesabu kubwa zaidi. Simu ya bei ndogo ikizidiwa inatumia njia ya mkato: mteja akiongea, inabana maiki yenu. Hapo ndipo mnaanza kukatana kauli, neno la kwanza la kila sentensi linaliwa, na mtu akikohoa Lusaka ninyi mnanyamazishwa.

Simu ya mkutano ina maiki tatu au zaidi zinazoangalia pande zote na inafuata upande anaotoka msemaji. Yealink CP920, kwa mfano, mtengenezaji anasema inasikia mpaka mita 6. Namba hiyo isome ukijua imepimwa kwenye chumba tulivu. Kwenye chumba chenu cha kioo hesabu nusu yake, na bado inawatosha.

Lakini kabla ya kununua chochote, nenda katikati ya chumba, zima kiyoyozi, piga kofi moja kali. Ukisikia mlio unaoendelea baada ya kofi, kama chuma kinachotetemeka, ujue simu yoyote itateseka humo. Chumba cha mkutano kinatakiwa mvumo uzimike ndani ya sekunde 0.4 hadi 0.6. Pazia zito lenye mikunjo kwenye ule ukuta wa kioo na zulia chini ya meza vinaleta mabadiliko ambayo kifaa cha gharama hakiwezi. Pazia jembamba la nailoni ni urembo tu.

Kiyoyozi elekeza mapanga yake juu, yasipulize meza. Kama kuna pangaboi juu ya meza, zima wakati wa mkutano: upepo ukigonga maiki unaleta mngurumo ambao upande wa pili wanausikia kuliko ninyi. Na simu ikae katikati ya meza, mbali na kompyuta yenye feni na mbali na mafaili. Kurasa zikipekuliwa karibu na maiki, kule Dubai hawasikii kitu kingine.

---

dawati_la_tatu

Najibu hili la kifaa kimoja kwa yote.

Vitu vinavyouzwa kwa jina la "spika ya mkutano" ni vya aina tatu, na duka nyingi hazikuambii.

Kuna zinazoingia kwenye mtandao na kuwa na namba yake kama ekstensheni yoyote, yaani namba ya ndani ya ofisi (hizi ni za SIP, utaratibu wa kupiga simu kwa mtandao). CP920 iko hapa. Inapiga na kupokea bila kompyuta.

Kuna za USB na Bluetooth, mfano Jabra Speak 510. Hii haina namba wala vitufe vya kupigia. Ni spika na maiki tu za kompyuta au simu ya mkononi. Angalia namba ya modeli vizuri: Speak 410 ni USB peke yake, 510 ndiyo ina Bluetooth. Hizi ndogo ni za watu wanne hivi waliosogeleana, si meza ya watu 8.

Halafu za analogi, zinazotaka laini ya waya mbili ya zamani. Kwenye swichi ya mtandao hazifanyi kazi mpaka upate adapta ya FXS (yenye tundu la laini ya analogi) kama Grandstream HT801.

Inayokaribia unachotaka ni SIP yenye Bluetooth ndani. CP920 inayo: simu za ofisi zinapita kwenye mtandao, na ya WhatsApp unaunganisha simu ya mkononi kwa Bluetooth, sauti inatoka mezani. Ila kwa wateja wa Dubai msitegemee WhatsApp. Kupiga simu za sauti kwa WhatsApp kumezuiwa Falme za Kiarabu kwa miaka mingi. Hao pigieni kwa laini ya kawaida au waalikeni Teams.

Kosa la kila siku kwenye Teams: sauti inatolewa kwenye TV kwa HDMI, maiki inatumika ya ile spika ya mezani. Sauti ya TV haipiti kwenye ile spika, kwa hiyo haina cha kulinganisha na mwangwi hauondoki kama inavyotakiwa. Mipangilio ya Teams iwe spika na maiki ni kifaa kilekile, TV ibaki na picha tu. Na watu wawili wakiwa na kompyuta zimeingia mkutano mmoja ndani ya chumba kimoja, moja izimwe maiki na spika. Kuzima maiki tu hakutoshi, spika yake itaendelea kulisha maiki ya mwenzake mpaka chumba kianze kupiga mluzi.

Bluetooth au USB? Kwa kompyuta tumia waya. Bluetooth iwe ya simu ya mkononi.

---

kodeki_g711

Nakubaliana na sauti_safi kuhusu chumba, ila simkubali mtu yeyote anayeanza na simu kabla ya swichi. Mkuu mizigo_dsm, swichi yako isiyo na PoE ndiyo kitu cha kwanza kubadilisha.

Simu nyingi za SIP zinauzwa bila adapta ya umeme. Bila PoE utanunua adapta 10, utahitaji soketi 10, na umeme ukikatika simu zote zinazima hata kama rauta iko kwenye UPS (betri ya akiba). Ukiwa na swichi ya PoE, UPS moja inabeba kila kitu.

Hesabu ya umeme: PoE ya kiwango cha 802.3af inatoa mpaka wati 15.4 kwenye tundu, na kifaa kinahesabiwa kupata 12.95 baada ya upotevu wa kebo. Simu za mezani za kawaida zinaangukia daraja la 1 au la 2, yaani kikomo cha wati 3.84 au 6.49. Chukua 9 × 6.49 ni 58.4, ongeza simu ya mkutano 12.95, jumla kama 71. Kwa hiyo usiangalie idadi ya matundu tu. Kuna swichi za matundu 8 ya PoE ambazo jumla yake haifiki wati 65. Tafuta yenye matundu 16 na bajeti ya wati 100 au zaidi, utabaki na nafasi ya kamera.

Angalizo kwa sababu una MikroTik: matundu mengi ya PoE ya rauta hizo ndogo ni ya "passive" volti 24, ile ya kuwashia antena. Simu ya 802.3af haiwaki kwa hiyo.

UPS: simu zikiwa zimetulia zinakula kidogo kuliko kikomo. Weka wati 70 kwa swichi, rauta na kile kisanduku cha faiba. UPS ndogo yenye betri moja ya volti 12, Ah 7 ina wati-saa 84 kwenye karatasi, na ukiitoa kwa haraka unapata kama 50. Hiyo ni dakika 40 hivi betri ikiwa mpya. Ikishafikisha miaka miwili mitatu kwenye joto la Dar, usiitegemee. Na kisanduku cha faiba kisisahaulike, wengi wanaweka rauta kwenye UPS halafu kisanduku kinabaki ukutani.

Intaneti: Mbps 20 ni nyingi mno kwa sauti. G.711, kodeki (njia ya kufunga sauti) ya kawaida ya simu, inatuma pakiti 50 kwa sekunde, kila moja baiti 160 za sauti na 40 za vichwa vya IP, UDP na RTP (taratibu za kusafirisha pakiti; RTP ndiyo ya sauti). Ukijumlisha vya Ethernet inafika kbps 87 kila upande. Simu kumi kwa mpigo ni chini ya Mbps 1. G.729, kodeki inayobana sauti zaidi, ni kama kbps 31, lakini kwa faiba sioni sababu ya kuitumia. Kinachoua simu ni foleni: mtu anapandisha PDF za nyaraka za forodha, njia ya kupandishia inajaa, pakiti za sauti zinasubiri nyuma. Tenga kipaumbele kwenye MikroTik kwa pakiti zenye DSCP 46 (alama ya pakiti za sauti) na punguza kasi ya kupandisha iwe chini kidogo ya ile halisi, foleni ikae kwako na si kwa mtoa huduma. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inapendekeza ucheleweshaji usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Ukivuka hapo watu wanaanza kuingiliana.

Pia kwenye MikroTik zima msaidizi wa SIP, mara nyingi anaharibu kuliko kusaidia:

`/ip firewall service-port disable sip`

Ukiwa na seva ya simu kama Asterisk au FreePBX nje ya ofisi, kwenye kila ekstensheni hakikisha `rtp_symmetric=yes`, `force_rport=yes`, `rewrite_contact=yes`, `direct_media=no`. Dalili za kukosea hapa ni mbili. Ya kwanza, simu inapokelewa lakini upande mmoja hausikii: anwani ya ndani ya 192.168 imetumwa nje, RTP inakwenda kusikojulikana. Ya pili, simu inakatika kila mara kwenye sekunde ya 32. Hiyo ni ACK (ujumbe wa kuthibitisha simu) haifiki, seva imesubiri muda wake ukaisha. Ukiona 32, usihangaike na kebo.

Kupima, piga `*43` kwenye FreePBX. Unajisikia mwenyewe ikirudi. Ikiwa safi kwa mkonga lakini chafu kwa spika, tatizo ni chumba. Ikiwa chafu kwa vyote viwili, tatizo ni mtandao. Jaribio hilo moja linamaliza ubishi wa fundi wa simu na fundi wa intaneti.

Hili la "HD" lisikupandishie bei. G.722, kodeki ya hiyo HD, inabeba sauti mpaka 7 kHz, lakini ni pale simu zote mbili na kila kilicho katikati kinaikubali. Ekstensheni kwa ekstensheni utaifurahia. Ukipiga laini ya kawaida ya Lubumbashi kwa G.711 unarudi kwenye 300 hadi 3400 Hz, hata kama mezani kuna kifaa cha mamilioni. Kwenye kazi yenu hilo linauma mahali fulani: namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na kinachotenganisha S na F kwa kiasi kikubwa kiko juu ya 3400 Hz. Namba za kontena zitumwe kwa maandishi.

---

mizigo_dsm

Wakuu, asanteni sana. Nimepiga kofi, mlio upo kweli kweli. Pazia linashonwa.

Maswali mawili yamebaki. Wale watatu wa bandarini wapewe simu za mezani? Na kuna jamaa Kariakoo ana Cisco 7841 zilizotumika pamoja na "Polycom SoundStation" kwa bei nzuri mno. Nizichukue?

---

kodeki_g711

Wa bandarini hapana. Waweke programu ya SIP kwenye simu ya mkononi, ekstensheni ileile, na seva iwe inakubali TLS (usimbaji wa mawasiliano). Nunua simu za mezani 6. Ya mapokezi tu iwe na vitufe vingi vya laini ili aone nani yuko kwenye simu. Nyingine T31P au ya daraja hilo inatosha.

Kama mnapitisha kompyuta nyuma ya simu ili kuokoa kebo, T31P matundu yake ni ya 100 Mbps. Kwa intaneti yenu hutaona tofauti, ila kama mna seva ya mafaili ofisini, kompyuta hizo zitakuwa nzito. Kwa hao chukua T33G au vuta kebo ya pili. Pia simu ikijiwasha upya, kompyuta iliyo nyuma yake inapoteza mtandao kwa dakika moja hivi.

Nenosiri la admin lililotoka kiwandani libadilishwe kwenye kila simu siku hiyo hiyo, na simu za nje ya nchi zifunguliwe kwa ekstensheni zinazozihitaji tu. Wezi wa dakika hupiga wikendi, ofisi ikiwa tupu.

---

sauti_safi

Kuhusu za Kariakoo, geuza simu usome karatasi ya nyuma.

Cisco: `CP-7841-K9` ina programu ya ndani ya mfumo wa Cisco wenyewe, na kuihamisha kwenda ya kutumika na seva nyingine kunataka leseni. `CP-7841-3PCC-K9` ndiyo inayokubali FreePBX. Kwa macho zinafanana kabisa. Bei nzuri mno kwa kawaida ni ya ile ya kwanza.

SoundStation: jina hilo limebandikwa kwenye vifaa vya aina mbili. SoundStation2 ni analogi. SoundStation IP 5000 na IP 6000 ni SIP. IP 5000 inasikia futi 7, inawafaa watu wanne. IP 6000 inasikia futi 12 na unaweza kuiongezea maiki mbili za waya, hiyo ndiyo ingekufaa. Zote ni za kizazi kilichopita, usitegemee masasisho ya usalama. Zikae kwenye VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) zisionekane nje.

Ya analogi ikikosa kile kiboksi chake cha umeme na laini, achana nayo.

Ukiwa dukani, nyanyua mkonga na uzungushe waya wake wa msokoto kwenye viungio vyote viwili huku unasikiliza mlio. Ukikwaruza, waya umekufa. Huo si wa kuogopa, plagi ni RJ9 na waya mpya ni bei ndogo. Na kama mkonga haupo hai kabisa, angalia kwanza haujachomekwa kwenye tundu la hedseti; yanafanana na yako jirani.

---

dawati_la_tatu

Naongeza moja kwa za mitumba, hasa Yealink. Bonyeza OK na kushikilia kama sekunde 10 ili irudi hali ya kiwandani, halafu iunganishe na intaneti hapo hapo dukani na uisubiri iwake mpaka mwisho. Kampuni iliyoimiliki zamani inaweza kuwa imesajili namba ya MAC (utambulisho wa kifaa kwenye mtandao) kwenye huduma ya mtengenezaji ya kuelekeza simu. Ukiifuta bila intaneti inaonekana safi. Ukifika ofisini inaita nyumbani, inavuta mipangilio ya mwenye nayo wa kwanza na kukufungia ukurasa wa admin. Ikionyesha jina la kampuni nyingine au ikidai jina la mtumiaji usilolijua, mrudishie muuzaji. Kuiondoa MAC kule kunamhitaji aliyeisajili au mtengenezaji, wewe huwezi.

Na kama karatasi au skrini inasema ni toleo la Teams, muulize muuzaji aisajili kwenye seva ya SIP mbele yako kabla hujalipa.